Masomo ya Kabla ya Jua

Salaita,
26 Mei 2024

Kwako ndugu yangu Dishon, Baba Branice,

Pokea salamu za nyumba hii, za binti yako kwanza, zangu baadaye. Sisi tu hai. Mvua imepungua ila haijaisha. Ukuta wa jikoni umelala chini, na mahindi ya bondeni yamekwenda na maji yote, yamebaki haya ya kando ya nyumba. Ng'ombe yuko salama. Kanisani tunasali nje kwa sababu ndani bado ni tope. Rachel anaendeleaje? Mwambie namtaja kila nikipiga magoti.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Yangu ilizama siku ile maji yalipoingia ndani, na mlingoti wa mtandao wa huku ulianguka, kwa hiyo hata simu za majirani ni za kushika tu mkononi. Barua hii nampa Mumbe, yule mama Mkamba anayetoa nyanya Njukini kuzipeleka soko la Voi. Ni mtu mwaminifu. Ukitaka kunijibu, mpe yeye. Akirudi hupitia kwangu.

Sasa jambo lenyewe. Shule imefunguliwa wiki hii. Wenzao wa kwingine walitangulia, lakini madarasa yetu yalikuwa yamejaa tope hadi kwenye madirisha, tukawa tunalizoa na mabeseni. Mwalimu mkuu aliita wazazi akasema watoto wamepoteza siku nyingi mno, na mtihani wa gredi ya sita hautawangoja. Kwa hiyo kutakuwa na masomo ya kufidia, saa kumi na mbili kamili asubuhi, kabla ya yale ya kawaida, na Jumamosi pia.

Saa kumi na mbili, Dishon. Maana yake Branice atoke hapa kungali giza. Na hii mvua imeotesha nyasi ndefu kuliko mtu. Ndovu wametoka mbugani na hawarudi, wanalala huku huku, kati yetu na shule. Asubuhi tunakuta kinyesi chao njiani kingali cha moto.

Niliuliza pale mkutanoni kama watoto wa mbali wanaweza kufika jua likishatoka. Nikaambiwa atakayechelewa atasimama nje ya darasa hadi somo liishe. Wewe ndiye baba. Niambie: nimwache akose hilo somo la kwanza, au vipi? Nitafanya utakalosema.

Ni mimi dada yako,
Namalwa


Kaloleni, Voi,
4 Juni 2024

Dada Namalwa,

Nimepokea barua yako na nimeshukuru Mungu mko hai. Pole kwa mahindi, pole kwa jikoni. Hapa mto ulipanda ukafika nyumba za chini, kwetu haukufika. Kazini hatupumui. Kuna mahali tuta limezolewa, reli zikabaki zinaning'inia hewani kama kamba ya nguo. Tunaondoka alfajiri na kurudi usiku, Jumatatu hadi Jumamosi, na ruhusa hapewi mtu.

Rachel bado ni wa kulala tu. Daktari amekataza asinyanyue hata ndoo, na zaidi ya yote asishtuke. Unajua tumeshazika wawili kabla hata ya kuwapa majina. Huyu amefika mwezi wa tano. Hatujawahi kufika hapa tangu Branice azaliwe. Ndiyo sababu Branice yuko kwako, na ndiyo sababu siku hizi mlango ukigongwa moyo wangu unaruka.

Kwa hiyo nakuomba barua zako zisifike nyumbani. Simu yangu namwachia Rachel mchana kutwa ili akizidiwa aite jirani, na barua akiiona ataifungua. Mumbe anipe mimi mkononi, au amwachie fundi Geoffrey kwenye karakana yetu.

Kuhusu Branice, aende. Asikose hata somo moja. Wewe unakumbuka mwaka ule mto Nzoia ulipofurika ukatutoa nyumbani, mimi nikiwa darasa la saba. Niliambiwa nitarudi shule maji yakikauka. Maji yalikauka, Dada, mimi sikurudi. Leo hii nabeba mataruma ya reli begani. Sitaki mwanangu aambiwe atarudi kesho.

Ndovu walikuwako tangu ulipoolewa huko, hata marehemu shemeji Noah alikuwa akiwacheka. Fuateni njia kubwa, msikate vichakani. Msindikize hadi langoni kama unaweza.

Nduguyo,
Dishon


Salaita,
16 Juni 2024

Baba Branice,

Rachel hajambo? Tumefurahi kusikia huyo mdogo wetu bado ameshikilia. Hapa nimepanda maharagwe mahali mahindi yalipokuwa, na Wakesho amenisaidia kusimamisha miti ya jikoni. Wakesho ni yule jirani yangu, mama yake Wendy, anayesoma darasa moja na Branice. Ukiona mimi bado nina akili zangu, ni kwa sababu ya huyo mama.

Ninafanya ulivyosema. Kila asubuhi tunatoka wanne, mimi na Branice, Wakesho na Wendy. Wakesho anatangulia akigonga kifuniko cha sufuria, mimi nafuata nyuma na kijinga cha moto. Watoto tunawaweka katikati. Hakuna anayesema neno.

Jumanne iliyopita tulifika pale penye ua wa mkonge nikasikia harufu kama ya zizi. Wakesho aliacha kugonga. Watu husema ndovu ana kishindo, si kweli. Akiwa karibu humsikii akitembea, unachosikia ni tumbo lake linanguruma chini chini, kama mtu anasogeza meza chumba cha pili. Hatukujua yuko kulia au kushoto. Tulisimama hapo hapo, tumeshikana nguo, hadi mbingu ikaanza kuwa nyeupe, na hapo tukaona mgongo wake juu ya nyasi, akienda zake taratibu.

Tulichelewa. Branice na Wendy walisimamishwa nje ya darasa, na mwalimu akawaambia hata wale wa kutoka ng'ambo ya korongo wamefika mapema. Tangu siku hiyo Branice halii tena njiani. Anataka tukimbie. Anavuta mkono wangu, nikimwambia polepole, mimi shangazi yake, anasema, "Senge, kengele." Ningependa aogope ndovu. Anachoogopa sasa ni kengele, na hilo linanikosesha raha.

Askari wa wanyama tuliwatumia mtu. Walisema watakuja barabara ikipitika.

Siandiki haya kukutisha. Sina mtu mwingine wa kumwandikia.

Namalwa


Voi,
25 Juni 2024

Dada mpendwa,

Salamu kwako, kwa Branice na kwa huyo mama Wendy ambaye sijamwona lakini nimeshampenda. Rachel ameingia mwezi wa sita. Juzi alinishika mkono akauweka tumboni, nikasikia teke. Nilitoka nje nikajifanya naangalia tangi la maji.

Barua yako nimeisoma karakanani mara nyingi. Rachel ananiuliza habari za Branice kila nikirudi, nami namwambia anasoma vizuri, anaamka mapema. Sijamdanganya, lakini usiku sipati usingizi.

Nimempa Mumbe tochi ya kazini, ile kubwa tunayomulikia reli. Inaona mbali. Dada, ni hadi muhula ufungwe tu. Vumilieni. Nami naogopa, usidhani siogopi. Hapa naogopea mmoja, huko namwogopea mwingine, na sina pa kukimbilia. Nilifikiri kumwandikia mwalimu mkuu, nikaona atasema mzazi wa mbali anajua nini. Branice mwambie baba anajivunia yeye. Mwambie asikimbie.

Dishon


Salaita,
7 Julai 2024

Baba Branice,

Hatujambo. Mvua ilirudi kidogo. Tochi tumeipata, asante. Maharagwe yamechanua. Mkono wangu una jipu, kwa hiyo Branice ndiye anayeandika, mimi nasema. Shuleni hakuna neno. Msihangaike.

Dada yako,
Namalwa


Voi,
14 Julai 2024

Dada Namalwa,

Sijui nianze na salamu gani. Tangu uanze kuniandikia hujawahi kufunga barua bila kuuliza habari za Rachel. Hii haimtaji kabisa. Ndovu nao hawamo. Wamehama? Wendy hayumo, mama yake hayumo. Barua imeandikwa na mwanangu mwenyewe, kwa mwandiko wake ninaoujua, na ndani hakuna neno lake hata moja, hata "Baba, shikamoo". Mtoto anayeandika kwa mkono wake kwa baba yake na hasemi naye!

Mumbe hakunipa barua mkononi. Alimwachia Geoffrey na kuondoka. Nilimfuata sokoni, nikamkuta anapanga nyanya. Nilimwuliza, "Mama, kwa dada yangu kuna nini?" Aliendelea kupanga. Halafu akasema, "Mimi nimetumwa barua, baba. Sijatumwa maneno." Lakini hakuniangalia, na aliponipa nyanya alikataa nisizilipie.

Kwa nini mtu anipe nyanya bure?

Nimeomba ruhusa, nimeambiwa ningoje. Nakuomba kwa jina la mama yetu, niambie kweli. Branice yuko hai? Hilo nijibu kwanza, kabla ya salamu.

Dishon


Salaita,
20 Julai 2024

Dishon,

Branice yuko hai. Mzima wa mwili. Yuko ndani amelala. Anayeandika ni Wakesho, mimi niko kwenye mkeka nasema. Sitaki Branice ayaandike haya, wala kuyasikia.

Sikuwa na jipu. Mkono umevunjika, na mbavu pia.

Ilikuwa Jumatano, siku chache kabla ya ile barua fupi. Alfajiri kulinyesha manyunyu, njia ikawa utelezi, tukachelewa. Hatujafika kwenye ua wa mkonge, kengele ikalia. Branice na Wendy walipoisikia walichomoka. Niliwaita, Wakesho akawaita, hawakugeuka. Nikamulika mbele kwa ile tochi yako, nikaona miguu. Kwanza nilidhani ni miti, kisha nikakumbuka pale hapana miti. Alikuwa jike, na kimtoto chake kilikuwa ng'ambo ya njia. Watoto wetu walikuwa wamekimbilia katikati yao.

Alipiga kelele ambayo mpaka leo iko kifuani mwangu. Sikufikiri kitu. Nilikimbia nikipiga mayowe na kummulika machoni ili anigeukie mimi. Akageuka. Sijui kama alinigonga kwa kichwa au kwa mkonga. Najua nilikuwa juu, halafu nilikuwa kwenye tope, mkono uko chini yangu vibaya. Alisimama akanipumulia. Pumzi yake ilikuwa na joto na harufu ya majani. Kisha akamchukua mwanawe, wakaenda.

Kilichofuata ndicho kinachoninyima usingizi. Niliita Branice. Wakesho akaita Wendy. Kimya. Giza na manyunyu tu, na kule shuleni tukiwasikia watoto wengine wanaitikia mwalimu kwa pamoja, somo limeanza. Tuliita hadi sauti zikakauka. Wakesho alikuwa akipapasa nyasi kwa mikono, na mimi nilikuwa nimelala pale nikitunga maneno ya kukuambia. Jua lilipotoka ndipo alipowaona. Walikuwa ndani ya lile bomba kubwa la maji chini ya barabara, maji yamewafika kifuani, wameshikana, kila mmoja amemziba mwenzake mdomo. Walitusikia tukiwaita muda wote. Waliogopa kuitika.

Nilipelekwa hospitali Taveta, nikafungwa plasta. Mwalimu mkuu alikuja akaketi kando ya kitanda. Lakini Jumatatu kengele ililia saa ile ile. Ndipo Wakesho alipowakusanya wazazi wakakaa langoni, hawakuingiza mtoto. Mwalimu mkuu alipotoka kuwauliza, Wakesho alimwambia, "Mwalimu, siku zilizopotea tutazitafuta. Mtoto akipotea, tutamtafuta wapi?" Hapa anasita kuandika, namwambia aandike hivyo hivyo kwa sababu ndivyo alivyosema. Walizungumza hadi mchana. Wamepatana masomo ya kufidia yawe baada ya chakula, na Jumamosi kuanzia saa tatu, jua likiwa juu.

Wendy amerudi shule. Branice, hapana. Hili ndilo nililokuficha zaidi ya mkono. Kila siku anaamka kabla ya jogoo. Anavaa sare, anafunga viatu, anachukua mkoba na kukaa mlangoni. Nikimwambia sasa ni mchana, njia nyeupe, ananijibu, "Nakuja, Senge." Hasogei. Jioni anavua sare anaikunja. Halii, hasemi, na chakula anakizungusha tu.

Nilinyamaza kwa sababu ya Rachel. Nilijua ukisoma haya uso wako utamwambia. Ukiweza kumficha, mfiche. Lakini mimi siwezi tena kumwangalia huyu mtoto peke yangu.

Namalwa


Voi,
24 Julai 2024

Dada yangu,

Nilisoma barua yako hapo hapo karakanani, hadi mwisho.

Ulisema uso wangu utamwambia. Nilipoingia tu nyumbani Rachel aliniangalia akasema nizime redio. Nikamwambia yote, tangu ile barua yako ya kwanza ya kuuliza, na nilivyokujibu. Nilimshikilia bega nikingoja jambo baya litokee. Hakulia. Alilala upande wake wa kushoto, kama daktari alivyoagiza, mkono juu ya tumbo.

Kisha akasema, "Usinilinde kwa kunificha mtoto wangu. Mlete jirani alale hapa, wewe nenda kamwone."

Sijangoja ruhusa. Nimemwambia msimamizi naondoka Ijumaa, na akitaka kuniandika mtoro aniandike. Barua hii inatangulia na Mumbe ili Branice asishtuke akiniona. Mwambie baba anakuja, na haji kumpeleka shule.

Dada, ulisimama mbele ya ndovu kwa ajili ya binti yangu. Nikifika nitajenga huo ukuta wa jikoni.

Dishon


Salaita,
31 Agosti 2024

Baba Branice,

Salamu kutoka huku kwenye jua. Plasta imetolewa, kama unavyoona mwandiko ni wangu, ingawa unapinda kama njia ya siafu. Ukuta wako wa jikoni bado umesimama. Maharagwe tumevuna, nitampa Mumbe debe lenu. Ametuletea habari kwamba Rachel ameingia mwezi wa nane na sasa anaruhusiwa kukaa kitini. Tunaogopa naye kila siku, mwambie hivyo. Asidhani anaogopa peke yake.

Tangu uondoke njia ilikuwa ndefu. Ulimwona mwenyewe ile siku mliyojaribu mchana, alivyotapika kwenye kona ukambeba mgongoni kumrudisha. Ulipotaka kuondoka naye kwenda Voi, naye akasema hawezi kuniacha na mkono mmoja, niliingia ndani nisionekane. Likizo yote tulikuwa tukitembea kidogo kidogo. Kwanza hadi kwa Wakesho. Halafu hadi kwenye kona. Wendy alikuwa akija kumchukua, wanakaa pale kando ya njia wanacheza mpira wa kati, kisha wanarudi. Lile bomba la maji hataki kulipita upande wake, tunazunguka shambani. Ndovu bado wako. Juzi tuliwaona mbali kwenye mteremko wa kilima, mchana kweupe, na aliniumiza vidole kwa kunishika.

Shule ilifunguliwa Jumatatu. Alivaa sare, akakaa mlangoni wiki nzima. Sikumsukuma, ulivyoniagiza.

Leo ni Jumamosi, siku ya masomo ya kufidia. Saa mbili na nusu Wendy alipita, na Branice akasimama akamfuata. Nikafuata nyuma. Kwenye ua wa mkonge alianza kutetemeka hadi meno yakagongana, lakini hakugeuka. Langoni mwalimu mkuu alitaka kumshika bega, akaona uso wake akaacha, akasema tu, "Karibu, Branice." Alifika mlango wa darasa akasimama. Nilijua sasa tunarudi nyumbani. Akaniambia, "Senge, usiende. Kaa mahali nitakuona."

Kwa hiyo nimekaa. Niko hapa chini kwenye saruji, mbele ya dirisha lao, naandika juu ya goti. Wako kwenye hesabu za sehemu, wanarudia yale waliyopaswa kusoma Mei. Jua linanichoma na kivuli kiko upande wa pili, lakini nikisogea kule hatanipata. Ameinua kichwa sasa hivi. Nimempungia. Ameinama tena anaandika.

Namalwa